Staring Hadedi? Muvi Kali Zilizotoka kwa Vitabu na Tamthilia, na Kile Walibadilisha

Kama umelelewa Eastlando, sheria ya kwanza ya muvi uliijua kabla ya hesabu: staring hadedi. Iwe ni Dandora, Kayole, Huruma ama Jericho, mambo yalikuwa yaleyale. Benchi za mbao, pazia nyeusi mlangoni, mwenye vidio anakusanya kobole ama ashu, na ndani watoi wamebanana wakitoa jasho. Risasi zinaweza kumwagika kama mvua ya Aprili. Beste ya staring atadedi, buda wa staring atadedi, lakini staring mwenyewe atatoka na kidonda kidogo kwa bega.

Sasa shika hii: Rambo alidedi.

Si kwa muvi. Kwa kitabu. Muvi nyingi ambazo tulizicheki tukidhani mtu alizitoa tu kichwani zilianza kama riwaya ama tamthilia. Na zikitoka kwa karatasi kuingia kwa skrini, kuna vitu viwili ambavyo wenye doo hupenda kugusa: nani ni staring, na stori inaishia wapi. Hayo maswali mawili yaweke kwa mfuko, kwa sababu tutayatumia mpaka mwisho wa hii list. Na ndio, kuna spoila kibao. Usiseme hukuambiwa.

First Blood (1982)

Kitabu kiliandikwa na David Morrell, kikatoka 1972, wakati Marekani ilikuwa bado imekwama Vietnam. Rambo wa kitabu ni mwanajeshi amerudi nyumbani kichwa kikiwa kimeharibika, karao wa kamji kadogo anamsumbua, na jamaa anaanza kuua watu ovyo. Mwishowe Trautman, yule mkubwa wake wa jeshi, ndiye anammaliza.

Dairekta Ted Kotcheff alipiga mwisho wa aina hiyo, Rambo akidedi. Wakawaonyesha watu kuwajaribu, na watu wakachemka. Mwisho ukabadilishwa: Rambo analia, anatolewa nje akiwa hai. Hata zile maiti zilipunguzwa. Kwa muvi ya kwanza anadedi mtu mmoja tu, yule karao anayeanguka kutoka kwa helikopta. Zile muvi za Rambo zilizofuata zote zimesimama juu ya huo uamuzi mmoja. Staring akibaki hai, kuna tiketi ya kuuzwa mwaka ujao.

Die Hard (1988)

Hii imetoka kwa riwaya ya Roderick Thorp, Nothing Lasts Forever, ya 1979. Staring wa kitabu si John McClane. Anaitwa Joe Leland, ni mzee aliyestaafu upolisi, na kwa hilo ghorofa ameenda kuona binti yake, si bibi yake. Na huyo binti hatoki salama. Hollywood wakamfanya jamaa awe kijana, binti akawa bibi, na bibi akatoka mzima. Muvi ni noma, hakuna ubishi. Lakini kitabu ni stori ya mzee anayepoteza, na muvi ni stori ya chali anayeshinda. Mbio ni zilezile kwa ghorofa lilelile, lakini maana si moja.

City of God (2002)

Kama kuna muvi ya nje ambayo msee wa mtaa anaicheki na kusema "hawa wanatujua", ni hii. Paulo Lins alilelewa kwa huo mtaa wenyewe, Cidade de Deus, kule Rio de Janeiro. Akaandika riwaya nzito, ikatoka 1997. Fernando Meirelles akishirikiana na Kátia Lund wakaigeuza muvi, na badala ya kujaza mastaa wa televisheni, wakatafuta vijana wa mitaa duni na kuwafunza kuigiza. Ndiyo maana hakuna mtu anaonekana akiigiza.

Kitabu kina watu wengi sana, ukisoma unaweza kupotea. Muvi ikamweka Rocket, yule kijana wa kamera, awe ndiye anatupeleka. Hapo ujanja ni kuchagua, na hawakudanganya: staring ni mtoto wa mtaa, na mwandishi alikuwa mtoto wa mtaa.

The Constant Gardener (2005)

Huyohuyo Meirelles, baada ya Rio, alikuja Nairobi. Riwaya ni ya John le Carré, ya 2001. Kampuni ya dawa inajaribia dawa kwa watu maskini wa Kenya, dem anayeitwa Tessa anafuatilia, anauawa, na mzee wake, ofisa wa ubalozi wa Uingereza, anaanza kuchimba. Walipiga Kibera yenyewe na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Rachel Weisz akabeba Oscar ya mwigizaji msaidizi. Waliotengeneza pia walianzisha mfuko wa kusaidia Kibera na Loiyangalani, jambo ambalo wengi wakishapiga picha hawafanyi.

Lakini uliza lile swali la kwanza. Dairekta ni mmoja, mitaa inafanana. Kwa City of God mtaa ndio staring. Kwa The Constant Gardener mtaa ni mahali ambapo mzungu anapita akitafuta ukweli. Si kosa la kamera. Kitabu chenyewe kiliandikwa hivyo.

Tsotsi (2005)

Athol Fugard tunamjua zaidi kwa tamthilia, lakini hii ni riwaya yake, ilitoka 1980. Kwa kitabu tuko Sophiatown, miaka ya hamsini, wakati serikali ya kibaguzi inabomoa nyumba za watu weusi. Mama anamwachia Tsotsi mtoto ndani ya boksi la viatu na kutoweka. Mwishowe tingatinga zinakuja, Tsotsi anakimbia kumwokoa mtoto, na ukuta unamwangukia. Mtu wa Eastlando anaijua sauti ya tingatinga asubuhi, hahitaji kuelezewa.

Gavin Hood akaileta stori Johannesburg ya siku hizi. Mtoto anapatikana kwa kiti cha nyuma cha gari lililoibiwa. Mwishowe Tsotsi, akiigizwa na Presley Chweneyagae, anamrudisha mtoto na kuinua mikono. Walipiga pia miisho mingine, kisha wakachagua hii. Ikashinda Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni.

Na hapa kuna kitu cha kufurahisha. Kitabu ni cha Kizungu, lakini muvi inaongea Tsotsitaal, lugha ya mtaa ya kule, binamu wa Sheng. Hapo muvi imefika karibu na wenyewe kuliko kitabu. Kwa hivyo usinielewe vibaya: kubadilisha si dhambi. Swali ni umebadilisha ukimwendea nani.

Out of Africa (1985) na Nowhere in Africa (2001)

Hizi mbili ziende pamoja. Out of Africa ya Sydney Pollack ilibeba Oscar 7, pamoja na ile ya muvi bora ya mwaka. Imetoka kwa kitabu cha Karen Blixen cha 1937, yuleyule wa mtaa wa Karen. Si riwaya, ni kumbukumbu zake. Na ukikisoma utashangaa: mapenzi yake na Denys Finch Hatton hayaelezwi waziwazi. Kurasa nyingi ni za shamba na watu wa shamba: Farah, Kamante, Wakikuyu walioishi pale. Muvi ikachota mapenzi kutoka vitabu vingine kuhusu maisha yake, ikayaweka mbele, na wale watu wa shamba wakarudi nyuma, wakabeba trei.

Nowhere in Africa ni ya Mjerumani Caroline Link, kutoka riwaya ya Stefanie Zweig ya 1995. Familia ya Mayahudi inakimbia Hitler mwaka wa 1938 na kujikuta shambani Kenya. Hapa mpishi Owuor, akiigizwa na Mkenya Sidede Onyulo, si pambo la ukutani. Ni mtu, ana akili yake, na Kiswahili kinaongewa kama lugha ya kweli. Nayo ilishinda Oscar. Zote mbili ni za wageni, mashamba yaleyale, lakini moja inamwangalia mtu wa hapa usoni.

Cry Freedom (1981)

Usichanganye na ile ya 1987 kuhusu Steve Biko. Hii ya 1981 ni ya dairekta Mnigeria Ola Balogun, na imetoka kwa riwaya ya mwandishi wetu Meja Mwangi, Carcase for Hounds, ya 1974. Ni stori ya vita vya Mau Mau, jenerali mmoja msituni na mzungu anayemsaka.

Soma tena polepole. Meja Mwangi, jamaa aliyeandika Nairobi ya mtu wa chini kuliko karibu kila mtu, alipata kuingia kwa skrini kubwa kupitia mkono wa Mnigeria. Heshima kwa Balogun. Lakini sisi tulikuwa wapi?

The Captain of Nakara (2012)

Hii ni ya nyumbani, ya Bob Nyanja, na ni tamthilia iliyogeuzwa muvi. Mwanzo wake ni tukio la kweli. Mwaka wa 1906, karibu na Berlin, fundi viatu aliyetoka jela, Wilhelm Voigt, alinunua yunifomu ya kapteni wa jeshi. Akavaa, akasimamisha wanajeshi njiani, akawaamrisha, akaenda nao Köpenick, akamkamata meya na kuondoka na pesa. Hakuna aliyemuuliza swali. Yunifomu ilitosha.

Mwaka wa 1931 Carl Zuckmayer akaiandika kama tamthilia, na akatia uchungu wake ndani: bila karatasi hupati kazi, bila kazi hupati karatasi. Nyanja akaibeba hadi nchi ya kubuni ya Kiafrika, Nakara, ambapo jamaa ametoka jela na anataka tu kuanza maisha. Wewe uliyewahi kuambiwa ulete Good Conduct ndipo upewe kazi, na Good Conduct yenyewe inataka pesa ambayo ungeipata kwa hiyo kazi, unahitaji kuelezewa nini? Hapa ndipo unaona tamthilia ya zaidi ya miaka themanini kutoka Ujerumani inaweza kukaa kama imeandikwa Makadara.

Maqbool (2003)

Kwa mbogi ya Bollywood. Vishal Bhardwaj alichukua Macbeth ya Shakespeare na kuitupa kwa magenge ya Mumbai. Irrfan Khan ndiye Maqbool, mkono wa kulia wa bosi, anayeamua bosi atoke. Na wale wachawi wa Shakespeare wanaotabiri? Ni makarao wawili wafisadi wanaosoma nyota. Hebu fikiria karao anakuambia kesho yako, na kesho inakuja vile alisema kwa sababu yeye ndiye anaipanga. Mwisho hakuubadilisha: huyu staring anadedi, kama Shakespeare alivyotaka.

Rafiki (2018)

Wanuri Kahiu aliitoa kwa hadithi fupi, Jambula Tree, ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda tuzo ya Caine mwaka wa 2007. Hadithi iko mtaa wa Nakawa, Kampala, na ni barua ya msichana kwa msichana anayempenda. Kahiu akaihamisha Nairobi, akaongeza mababa wawili wanaogombea kiti kimoja, na matatu, na majirani wa kuchungulia. Ikawa muvi ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes.

Bodi ya kuainisha filamu ikaipiga marufuku. Kahiu alieleza hadharani kwamba alitakiwa kubadilisha mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mengi, akakataa. Septemba 2018 Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku 7, na watu wakajaza kumbi. Una maoni yako kuhusu stori, sawa. Lakini angalia ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini. Ulikuwa wa lile swali la pili: stori inaishia wapi, na ni nani ana haki ya kusema.

Kwa kandideti: usicheze na setbook

Hii sehemu ni ya wewe uko fomu three ama four na unafikiria kucheki muvi badala ya kusoma. Ngoja nikuokoe.

The Whale Rider ya Witi Ihimaera iliwahi kuwa setbook hapa. Riwaya ni ya 1987, muvi ni ya 2002. Kwa kitabu msichana anaitwa Kahu na anayesimulia ni anko yake, Rawiri. Kwa muvi msichana anaitwa Pai na anasimulia mwenyewe. Sasa fikiria umekaa kwa mtihani, unaandika insha nzima ukimwita Pai. Mwenye kusahihisha hahitaji upelelezi.

A Doll's House ya Henrik Ibsen, ambayo wengi wenu mliifanya miaka ya juzi, ina muvi mbili zilizotoka mwaka mmoja, 1973. Moja ina Claire Bloom na Anthony Hopkins, nyingine ina Jane Fonda. Ile ya Fonda inaanza kabla ya tamthilia kuanza, na inakuonyesha vitu ambavyo Ibsen aliviacha viongewe tu. Ukivitaja kwa mtihani kama sini za kitabu, umejichoma.

Na huo mwisho wa Nora kufunga mlango na kuishia, unajua ulipigwa vita? Mwaka wa 1880, kwa ajili ya jukwaa la Ujerumani, Ibsen alilazimika kuandika mwisho mwingine ambapo Nora anawaangalia watoto na kubaki. Aliuandika mwenyewe ili mtu mwingine asiuharibu zaidi, na aliuchukia. Staring wa kike kuondoka kwake kulikuwa kumewaogopesha kuliko risasi.

Yale makundi ya uigizaji yanayozunguka mashuleni yakiigiza setbook, nenda uyaone, yatakusaidia kukumbuka. Muvi pia icheki. Lakini kitabu kwanza.

Utavipata wapi

Sehemu ya "sina doo ya vitabu" tuimalize haraka. Eastlando ina maktaba. Kuna ya Kaloleni na ya Makadara, zote matawi ya McMillan, ambazo Book Bunk wamesaidia kurekebisha. Kuna ya KNLS pale Buruburu. Na kuna vitabu vya kuinama tao, ambapo riwaya ya zamani inaweza kukutoka kwa bei ya chipo. Meja Mwangi na John Kiriamiti wako pale kila siku, wakiwa na vumbi, wakikungoja.

Na staring wa Eastlando?

Rudi kwa swali la kwanza, halafu angalia hii list tena. Muvi kubwa zilizopigwa kwetu kutoka kwa vitabu, nyingi staring ni mgeni. Si kwamba hatuna vitabu. Charles Mangua aliandika Son of Woman mwaka wa 1971, na jamaa wake, Dodge Kiunyu, ametoka Eastleigh. Meja Mwangi alishusha Going Down River Road mwaka wa 1976, mjengo, pombe na njaa ya mwisho wa mwezi. Marjorie Oludhe Macgoye akaandika Coming to Birth mwaka wa 1986, dem wa miaka 16 anashuka Nairobi wakati wa hali ya hatari na maisha yake yanaanzia Pumwani. Hizo zote ziko kwa karatasi. Mitaa bado iko, na watu wa kuigiza wamejaa kila base.

Na usiniambie hatujui kazi yenyewe. DJ Afro amefanya hiyo kazi miaka nenda miaka rudi. Anachukua muvi ya Mchina ama ya Mhindi, anaweka sauti yake juu, anampa adui tabia ya landlodi, na kwa masaa mawili staring ni mtu wa mtaa wako. Kule Tanzania walikuwa na Lufufu, na Waganda wana mavijei wao. Hiyo ni kuchukua stori ya mtu na kuileta nyumbani, kitu kilekile Nyanja alifanya na Mjerumani na Bhardwaj alifanya na Shakespeare. Tofauti ni kwamba wao walishika kamera.

Siku hizi kamera iko kwa simu yako. Kitabu kiko Kaloleni. Kabla hujapiga sini ya kwanza, tafuta mwenye haki za kitabu muelewane, kwa sababu mwandishi naye hula. Kisha ujiulize yale maswali mawili. Nani ni staring? Na inaishia wapi?

Akidedi, pia ni sawa. Bora awe amedediwa na mtu anayejua jina la mtaa wake.